Shahamu Ndani ya Nta

Sajini Sikuzani hakuwa mtu wa kudharau watu ovyo. Alikuwa anachagua. Na asubuhi ile ya Jumanne, kabla hata saa mbili haijatimia, alikuwa ameshapata wawili.

Wa kwanza alikuwa bosi wake, Inspekta Ponsian, mkuu wa kituo cha polisi, mtu ambaye kufunga jalada la kesi kulimchukua muda mfupi kuliko kufunga vifungo vya shati lake. Alikuwa amekaa anakula kitumbua kwa chai ya maziwa, mafuta yanamtiririka vidoleni, na kwa vidole hivyohivyo akamsukumia Sikuzani karatasi.

"Gari la makazi ya wakimbizi linakuja saa sita," alisema. "Wanamchukua Mrundi wao, wanampeleka mpakani, kwisha. Wewe niandikie maelezo ya kufungia."

"Afande, ng'ambo ya mpaka kuna vita."

"Vita ni vyao. Si alijua kuna vita wakati anachanganya mafuta kwenye nta ya watu?"

Sikuzani alichukua karatasi. Kumjibu Ponsian kabla hajamaliza kitumbua ilikuwa kazi bure.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Chama cha warina asali cha Mpanda kilikuwa kimepakia magunia hamsini ya nta kwenye treni, kuipeleka Dar es Salaam, kwenye kiwanda kinachotengeneza mishumaa na dawa ya viatu. Baada ya wiki tatu magunia kumi na nane yakarudi kwa treni ileile, pamoja na barua. Kiwanda kilisema nta ile ikichemshwa inatoa povu, ikipoa inabaki laini kama ugali usioiva, na kwamba imechanganywa na mafuta ya mnyama. Ni mnyama gani, barua haikusema. Ilisema tu kwamba ikitokea tena, nta ya Mpanda hawainunui, iwe ya nani.

Magunia yote kumi na nane yalikuwa na herufi M ya rangi nyekundu. Hiyo ilikuwa alama ya Méthode, Mrundi aliyeingia Tanzania mwaka sabini na mbili akiwa na shati moja mwilini, akapewa shamba kwenye makazi ya wakimbizi, na tangu hapo miaka ishirini na tano anatundika mizinga porini na kukusanya nta ya wenzake. Aliyemkamata alikuwa Sikuzani mwenyewe, Ijumaa iliyopita. Alama ilitosha, alijiambia siku ile. Sasa alikuwa hana raha nayo.

Nje, chini ya dirisha la mahabusu, mke wa Méthode alikuwa amekaa chini na sufuria ya maharage aliyoifunga kwa kitenge. Jina lake Annonciata. Tangu Ijumaa alikuwa anakuja kwa miguu na kurudi kwa miguu.

"Mama, naomba nikuulize," Sikuzani alisema, akachuchumaa. "Nyie kwenu mnafuga nguruwe?"

Annonciata alikaza fundo la kitenge.

"Sisi Wasabato, afande. Nguruwe hatumli, hatumfugi. Hata mafuta yake hatuwezi kuweka kwenye mnyororo wa baiskeli."

"Majirani wanajua hivyo?"

"Anayetaka kujua anajua. Wengine wanatuona Warundi tu, wanamaliza hapo."

Sikuzani akarudi ndani, akamweleza Ponsian: mtunza ghala wa chama ameandika kwamba alimwona Méthode nyumbani kwake anayeyusha mafuta ya nguruwe wake, na huyu mtu ni Msabato. Ponsian alijifuta vidole kwenye kalenda ya mwaka jana.

"Mrundi ni Mrundi," alisema. "Saa sita, Sajini."

Haya. Mtu akishajua mambo yote, mwache nayo. Sikuzani alichukua baiskeli ya kituo, akashuka kwenda stesheni ya reli, kwenye ghala la chama.

Huko alikuwepo wa pili. Mikidadi, mtunza ghala, alivaa kofia ya vito iliyopigwa wanga, kalamu ameichomeka sikioni, na alizungumza na mwanamke yeyote kana kwamba anamfundisha kuhesabu. Alimpokea Sikuzani kwa kicheko cha pua.

"Karibu, dada. Umekuja kujifunza nta?"

"Nimekuja kuangalia magunia."

"Angalia. Lakini nta haiangaliwi, dada. Nta ni kazi ya watu wenye pua na meno. Wanaume wengi wameshindwa."

Sikuzani aliyazunguka magunia kumi na nane. Yalishonwa mdomoni kwa uzi wa katani. Magunia mengine, yaliyoletwa wiki ile na kusubiri mizani, yalishonwa kwa kamba za gome la mti wa myombo, kama warina asali wote wa porini wanavyoshona, maana porini duka la katani liko wapi?

"Haya ya Méthode mbona yana katani?"

"Kwa sababu kila gunia linafunguliwa hapa, linakaguliwa, linapimwa, halafu mimi nashona upya. Yote. Hata ya mwenyekiti." Mikidadi alitabasamu. "Ulifikiri umepata kitu, eh?"

Alikuwa anasema kweli. Sikuzani aliangalia yaliyoshonwa tayari kwa safari; yote katani. Akafuta mstari kwenye daftari lake na kuhamia upande wa pili. Kwenye ghala kulikuwa na mlango mdogo wa mbao wenye kufuli jipya.

"Humo?"

"Sumu ya panya. Usikaribie, utaumwa kichwa."

Hakukaribia. Hapakuwa na haja. Chini ya mlango ule nzi wakubwa wa kijani walikuwa wanaingia na kutoka kwenye mwanya, na kwenye magunia ya nta, hatua nne kutoka hapo, hapakuwa na nzi hata mmoja. Sikuzani alilelewa na bibi aliyekuwa anauza nyama ya kukaanga, na nzi wa namna ile aliwajua tangu hajaanza shule. Sumu gani inaita nzi? Hakuuliza. Aliomba tu kurudiwa maelezo.

"Ulimwona lini Méthode na hayo mafuta?"

"Mwezi wa tano. Nilikwenda kwake kukagua nta. Nikamkuta anayeyusha mafuta ya nguruwe kwenye pipa, uani."

"Ulijuaje ni ya nguruwe?"

"Astaghafirullah, dada, nguruwe ana harufu yake. Mimi nilisimama mbali, nguo zangu zisije zikapata najisi. Warundi hao hawana kinyaa."

"Haya. Nitarudi baadaye na mwenyekiti. Utanifundisha hiyo kazi ya pua na meno."

"Karibu sana. Chukua na peni, utaandika."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja machinjioni. Mwenye bucha alikuwa anapanga matumbo kwenye karai. Sikuzani aliuliza shahamu ya ng'ombe anaipeleka wapi, maana hakuona hata kipande kimening'inia.

"Hainikalii siku hizi," alisema mwenye bucha. "Yote inachukuliwa na shemeji Zuhra, mke wa Mikidadi wa ghala. Anatengeneza sabuni."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Kila wiki debe tatu, nne."

"Ya ng'ombe tupu?"

Mwenye bucha aliweka kisu chini. "Mama, hapa kwangu utakuta nini kingine? Unataka waumini waje wanichomee banda?"

Sabuni. Sikuzani alisimama pembeni ya banda, akafikiri. Ilikuwa inawezekana. Wanawake wengi mjini walikuwa wanatengeneza sabuni ya mche, na shahamu ndiyo malighafi yenyewe. Kama Zuhra anatengeneza sabuni kweli, basi nzi wale wa ghalani ni akiba ya mke, na Méthode anapanda gari saa sita. Ilishafika saa tatu na nusu.

Alimkuta Zuhra nyumbani kwake Ilembo, anapepeta mchele. Mwanamke mzuri, mikono laini, hina imefika kwenye viganja.

"Nimesikia una sabuni," Sikuzani alisema baada ya salamu. "Nataka miche miwili."

"Imeisha, dada yangu. Njoo wiki ijayo."

"Biashara nzuri hiyo. Hata mimi natamani kujaribu. Unatengenezaje?"

Zuhra alitazama mlangoni kama anayetafuta mtu wa kumsaidia. "Unachemsha shahamu. Unatia maji. Unakoroga mpaka inakuwa sabuni."

"Kostiki unanunua wapi?"

"Kostiki ndiyo nini?"

Sikuzani karibu amwonee huruma. Kostiki ndiyo inayoishika shahamu ikawa sabuni, na inaunguza ngozi. Hakuna mtengeneza sabuni Mpanda nzima asiyekuwa na makovu yake mkononi. Hii mikono ya hina ilikuwa haijawahi hata kuisogelea.

"Mama, shahamu na maji bila kostiki ni supu," alisema. "Aliyekwambia useme sabuni angekufundisha na kuitengeneza."

Zuhra aliweka ungo chini. "Mimi shahamu natumwa tu kuchukua. Naipeleka ghalani kwa toroli. Huko inafanywa nini, sijui. Wallahi sijui."

"Nakuamini," alisema Sikuzani, na kweli alimwamini. Mtu anayedanganya vibaya namna ile hawezi kupewa siri.

Lakini bado. Ponsian angesema nini? Angesema shahamu ya ng'ombe haihusiani na mafuta ya nguruwe, kesi ni ya nguruwe, saini hapa. Ilibidi Mikidadi mwenyewe ajifunge kamba shingoni, na mbele ya shahidi.

Mwenyekiti wa chama, mzee Telesfori, alikuwa Mkonongo wa Magamba, mrina asali tangu utoto, mtu wa maneno machache na machache hayo alikuwa anayatoa kwa shida. Sikuzani alimchukua sokoni, akamwomba alete mabonge matatu ya nta aliyoichemsha mwenyewe. Mengine matatu yalitoka kwenye magunia yaliyorudi, sampuli ambazo Sikuzani alizihifadhi kituoni ndani ya mfuko wa nailoni. Wakayakata vipande sawasawa. Telesfori akaandika kwenye karatasi kipande kipi ni kipi, akaikunja, akaitia mfukoni.

Saa tano kasorobo walikuwa ghalani. Vipande sita juu ya gunia kavu, mbele ya Mikidadi.

"Mimi sijui nta," alisema Sikuzani. "Mwenyekiti yeye ni rafiki wa warina wenzake, sitaki kumwuliza. Nichagulie wewe. Safi ipi, chafu ipi."

Mikidadi aliinua nyusi kwa Telesfori, kama kusema, unaona watu tunaoletewa? Kisha akajivuta kiti. Na lazima isemwe, mtu yule alikuwa anaijua kazi yake. Alichukua kipande cha kwanza, akakikwangua kwa ukucha.

"Safi. Inatoka unga. Na hiki safi. Hiki," akakwangua cha tatu, "unaona kinavyojikunja? Kama siagi. Chafu." Akanusa, akatupa upande. Akamaliza vyote sita kabla Telesfori hajamaliza kukohoa. Vitatu huku, vitatu kule.

Telesfori akafungua karatasi yake. "Amepata vyote," alisema.

"Macho yangu mimi yangesema vyote ni sawa," alisema Sikuzani. "Hebu, hivi vitatu una hakika? Isije mtu akaenda mpakani kwa sababu ya ukucha."

Mikidadi alicheka. Alichukua kipande kimoja kutoka kwenye vile vichafu, kile alichokisema mwenyewe ni kama siagi, akakitia mdomoni. Alitafuna mara nne, tano, macho yametulia kwa Sikuzani, halafu akapanua midomo kumwonyesha meno.

"Unaona? Imenata. Nta safi unaitafuna mpaka adhuhuri, meno yanabaki hivyohivyo. Hii imejaa mafuta. Andika, dada, uliambiwa ulete peni."

"Nimeleta," alisema Sikuzani. "Mafuta ya mnyama gani?"

"Si nimeshasema. Ya ngu..."

Akaishia hapo. Taya likasimama. Kitu kilikuwa bado kipo kwenye ulimi wake na hakujua akiteme au akimeze.

"Malizia," alisema Sikuzani. "Asubuhi ulisema ulisimama mbali, nguo zisipate najisi. Mimi Muislamu kama wewe, na tangu Ijumaa vipande hivi navishika kwa mfuko wa nailoni, kwa sababu yako, kwa sababu uliapa ni nguruwe. Wewe umekula."

"Nimesahau. Ni mazoea ya kazi."

"Mtu anasahau ufunguo. Nguruwe hasahauliki."

"Nimepitiwa tu, dada."

"Hukupitiwa. Ulijua hii ni shahamu ya ng'ombe, tena halali, imetoka bucha ya mtu unayemjua. Umetia mdomoni bila wasiwasi kwa sababu umeiyeyusha mwenyewe. Na ulivyo mvivu wa kuuliza, uongo wenyewe umeupeleka kwa Msabato, mtu anayemkwepa nguruwe kuliko wewe. Mwenyekiti, mlango ule ni wa chama au wa huyu?"

"Wa chama," alisema Telesfori.

"Mwambie afungue."

Mikidadi alitema. Alijifuta mdomo kwa mkono wa kanzu, akamtazama mzee, na mzee hakuondoa macho. Ufunguo ulitoka mfukoni polepole. Ndani kulikuwa na pipa la shahamu iliyoganda, jiko la mkaa, makarai mawili yaliyopakwa nta hadi ukingoni, na kopo la rangi nyekundu na brashi yake. Sumu ya panya haikuwepo hata punje.

Akaeleza yote akiwa ameegemea ukuta, kofia imeloa jasho, Sikuzani akiandika. Alikuwa anatoa nta safi kwenye magunia wakati wa kukagua, anawauzia wenye malori ya Sumbawanga, na uzito unaopungua anaujaza kwa shahamu. Kisha yale aliyoyaharibu anayaandika M yote, hata yaliyoletwa na watu wengine.

"Kwa nini Méthode?" aliuliza Telesfori. Ilikuwa mara ya kwanza aulize kitu siku ile.

"Nani angemuuliza Mrundi?" Mikidadi alijibu, na alijibu kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanashuka mtoni.

Telesfori alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Nimetundika mizinga miaka hamsini," alisema. "Nimeona nyegere, nimeona siafu, nimeona wezi wa usiku. Wote hao walikuja kula asali. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunya ndani ya mzinga." Akatoka nje akasubiri huko.

Saa sita kasoro dakika kumi Sikuzani aliingia kituoni, Mikidadi mbele yake amefungwa pingu, Telesfori nyuma amebeba kopo la rangi. Gari la makazi lilikuwa limeshafika. Dereva alikuwa amelala juu ya usukani. Annonciata alikuwa amesimama, sufuria mikononi, hajui kama ale yeye au ampe nani.

Ponsian alisoma maelezo ya Mikidadi mara mbili. Alikunja uso kama aliyeletewa chai bila sukari.

"Kwa hiyo sasa kuna makaratasi mengine," alisema.

"Fomu moja tu, afande. Ya kumwachia."

"Imebaki moja. Zikiletwa nyingine ni mpaka mwezi ujao. Usiharibu."

Fomu ilijazwa haraka, Ponsian akinakili kutoka kwenye jalada, mhuri ukagongwa, na Sikuzani akaipitisha katikati ya nondo pamoja na kalamu. Méthode alisimama. Siku nne zile zilikuwa zimempunguza, lakini alitoa miwani yake kwenye mfuko wa shati, akaivaa, akaanza kusoma tangu juu, mstari kwa mstari.

"Saini chini, mzee, uende nyumbani," alisema Ponsian.

Méthode aliendelea kusoma. Kisha akainua kichwa.

"Hapa mmeandika, kazi: mkimbizi."

"Ndivyo ilivyo kwenye jalada."

"Aliyeandika kwenye jalada ni nani?"

Sikuzani alilijua jibu kabla swali halijaisha. Mwandiko ulikuwa wake. Ijumaa, wakati wa kumkamata, alimuuliza jina, umri, alikotoka. Alipofika kwenye kazi hakuuliza, alijaza tu mwenyewe, akaendelea. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimpanda mpaka masikioni mbele ya mahabusu wote.

"Ni mimi," alisema.

"Ukimbizi si kazi, afande. Ukimbizi ni jambo walilonifanyia watu. Kazi yangu ni nyuki." Alirudisha fomu kati ya nondo. "Sitasaini."

"Huna akili wewe?" Ponsian alisimama. "Usiposaini, hujaachiwa. Na kama hujaachiwa, ile barua ya kukupeleka mpakani bado ina nguvu. Gari lile pale."

Dereva alikuwa ameamka. Alichungulia mlangoni. "Wakuu, huyu anaenda au haendi?"

Méthode aliketi tena kwenye sakafu ya saruji, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Hakumtazama dereva wala Ponsian. Dirishani, Annonciata alisema jambo fupi kwa Kirundi. Mumewe alimjibu neno moja, na yule mama akaweka sufuria chini.

"Nipe fomu," alisema Sikuzani.

"Fomu ya serikali haikatwi," alisema Ponsian. "Sajini, nasema haikatwi."

Sikuzani aliilaza fomu ukutani, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MRINA ASALI. Pembeni akaweka saini yake na namba yake ya kazi, ili atakayetaka kuuliza ajue wa kumuuliza. Kisha akaipitisha tena katikati ya nondo kwa mikono miwili.

Méthode alivaa miwani. Alianza upya, tangu juu, hakuruka mstari. Huko nje dereva aliwasha gari, akalizima. Alipofika mwisho alisaini jina lake lote, taratibu, akarudisha kalamu, akasimama.

"Sasa fungueni," alisema.